Nyumbani mpole, kambini mtoa ofa: ni tabia yake au ni mahali?

Washauri wa safu hii, habari za kazi.

Nina mdogo wangu wa kiume, ana miaka 24, anavua dagaa kwenye kambi moja kisiwani Kome, Ziwa Victoria. Huu ni mwaka wake wa tatu huko. Akiwa nyumbani Buswelu, Mwanza, wakati wa mbalamwezi uvuvi unaposimama, huwezi kuamini yanayosemwa juu yake. Anaamka alfajiri anamchotea mama maji, Jumapili anakwenda kanisani, hata bia moja haombi. Akirudi kisiwani anakuwa mtu mwingine kabisa. Wenzake wanamwita "Bosi". Siku ya hesabu, yaani siku ya kulipwa, ananywesha baa nzima, na giza (zile wiki tatu hivi za kuvua) likiisha anarudi nyumbani na dagaa wa mboga pamoja na deni la nauli. Mwaka jana alituahidi mabati ya nyumba ya mama. Mpaka leo hatujaona hata bati moja.

Nyumbani tumegawanyika. Mama anaamini amefanyiwa jambo, anataka tumpeleke kwa mganga. Kaka yetu mkubwa anasema ni damu ya baba mdogo, ambaye pombe ilimmaliza, na anataka kiitwe kikao cha ukoo asemwe mbele ya wazee mpaka aone haya. Mume wangu anasema aachane na ziwa, aje mjini aendeshe bodaboda. Mimi nimemsihi, nimelia, nimemnunia. Anakubali kila kitu, anaahidi, anaondoka, na yanakuwa yale yale.

Nijibuni bila kunibembeleza. Huyu ni mtu mbaya anayejificha akiwa nyumbani, au ni mtu mzuri anayeharibiwa na kisiwa? Na nifanye nini, maana giza linalokuja ataondoka tena.

Dada wa Buswelu

*

Dada yetu wa Buswelu,

Wote wawili ni yeye. Yule anayemchotea mama maji haigizi, na yule anayeitwa Bosi naye haigizi. Buswelu, kijana anaheshimika akiwa mtulivu na akimtunza mama yake. Kambini anaheshimika akiwa na mkono mwepesi siku ya hesabu. Kote kuwili mdogo wako anatafuta jambo lile lile, kuonekana ni mtu mbele ya watu anaoishi nao. Ndiyo maana machozi yako hayafui dafu: unazungumza na moyo wake, na moyo wake tayari unakubaliana na wewe. Kinachomshinda ni mpangilio wa siku moja au mbili za kila giza, na mpangilio huo unaweza kuguswa.

Tuitazame hiyo siku ya hesabu kwa karibu. Wakati wa giza wavuvi wanaishi kwa posho ndogo na kwa kukopa. Mama ntilie ana daftari, mwenye duka ana daftari, mwenye baa ana daftari. Mwezi unapokuwa mkubwa, mwanga wake unatapakaa majini na taa za mtumbwi hazivuti tena dagaa, kazi inasimama kama wiki moja hivi. Hapo tajiri, yaani mwenye chombo, anakaa na watu wake. Yanatolewa mafuta, chakula na matengenezo, na kinachobaki kinagawanywa. Katika kambi nyingi nusu inakwenda kwa mwenye chombo na nusu kwa wavuvi. Noti zinahesabiwa hadharani, wenye madaftari wamesimama pembeni, baa iko hatua chache kutoka hapo, na chumba anacholala analala na wenzake wanne, hakina kufuli la maana. Kijana anakabidhiwa kwa mkupuo pesa ambazo hajazishika kwa wiki tatu, mbele ya macho ya kila anayemdai na kila anayetarajia kitu kwake. Usiku huo, pesa iliyoko mfukoni inaweza kuibiwa. Iliyonunua ofa imeshakuwa heshima, na heshima haiibiwi. Mweke hapo kijana mwingine yeyote mtulivu wa Ilemela, wengi wao watafanya anavyofanya mdogo wako.

Halafu kuna jambo ambalo familia nyingi za wavuvi hazilioni. Ofa ni bima yake. Mtumbwi wa dagaa unatoka usiku na watu wanne au watano, na upepo wa ziwani haubishi hodi. Mtu akianguka majini, anayemvuta ni mwenzake. Akiugua malaria, wenzake ndio wanaomvusha kwenda hospitali na kuchanga dawa. Akifiwa, wao ndio wa kwanza kutoa rambirambi. Anayekunywa za wenzake asitoe zake anaitwa mchoyo, na mchoyo anakuwa wa mwisho kukumbukwa, pengine hata kupangiwa chombo. Kwa hiyo ukimwambia "acha ofa" na kuishia hapo, umemwambia avunje bima ambayo wewe, ukiwa Buswelu, huwezi kumlipia. Hawezi kukujibu hivyo kwa maneno, anaitikia tu "sawa dada".

Kuhusu mahali na tabia, kuna mambo mawili yaliyochunguzwa sana ambayo yanakuhusu moja kwa moja.

La kwanza ni la wanajeshi wa Marekani waliorudi kutoka vita vya Vietnam mwaka 1971. Wengi walikuwa wametumia heroini wakiwa huko, na karibu mmoja kati ya watano alihesabika kuwa mtumwa wake. Mtafiti Lee Robins aliwafuatilia baada ya kurudi. Katika mwaka wa kwanza nyumbani, ni karibu asilimia 5 tu ya wale waliokuwa watumwa wa dawa hiyo ndio waliorudia hali ile, na wengi wao hawakupata tiba yoyote. Wenzao, kazi, hofu na upatikanaji wa dawa vilibaki nyuma. Sasa soma hilo kwa uangalifu, dada. Wale walirudi nyumbani wakabaki. Mdogo wako anarudi wiki moja, kisha anaingia tena mahali pale pale. Utulivu wake wa mbalamwezi unaonyesha kwamba uwezo anao, lakini hauwezi kumlinda giza linalofuata.

La pili ni jaribio la Solomon Asch, Marekani, miaka ya 1950. Mtu aliwekwa kwenye kundi na kuulizwa ni mstari upi una urefu sawa na mwingine, jambo ambalo hata mtoto analiona. Wenzake, waliopangwa kwa siri, walijibu vibaya kwa sauti moja. Karibu theluthi moja ya majibu ya wale waliokuwa wakipimwa yalifuata kosa la kundi, ingawa macho yao yaliona sawasawa. Lakini akiwepo mtu mmoja tu ndani ya kundi anayejibu sahihi, kufuata kosa kulishuka mpaka karibu asilimia 5. Mtu mmoja tu. Na robo hivi ya waliopimwa hawakuwahi kufuata kundi hata mara moja, kwa hiyo asije kaka yako akasema tunamtafutia kijana kisingizio. Mahali panasukuma, ila hapamsukumi kila mtu sawa.

Ushahidi wa hilo upo hapo hapo Kome. Ulizia, utaambiwa kambini wapo Wasabato na Waislamu wasiokunywa, na hakuna anayewasumbua. "Huyo Msabato, mpe soda," yanaisha. Kijana anayekataa peke yake anaonekana anawakataa wenzake. Anayekataa akiwa na kundi linalojulikana nyuma yake, sababu yake ilishakubalika kabla hajafungua mdomo. Mdogo wako anahitaji sababu ya namna hiyo, mtu mmoja wa kusimama naye, na njia ya pesa isiyopita mbele ya baa. Tuanze na pesa, maana bila hiyo mengine yatakatika.

Usizungumze naye siku mbili za kwanza akirudi. Ana uchovu, ana aibu, na atakubali chochote ili umwache alale. Siku ya tatu au ya nne muulize maswali ya kawaida, bila lawama: Analipwa na nani, saa ngapi, wapi? Madeni ya madaftari huwa kiasi gani? Nani anamfuata wa kwanza akishalipwa? Wenzake watasemaje siku akiondoka na pesa yake? Kuna yeyote kwenye chombo chao anayejenga au anayesomesha? Hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Kama swali lako litaonekana la kipolisi, mwachie mumeo aulize. Katika familia nyingi za kwetu shemeji ana ruhusa ya kutania, na utani unapitisha maneno ambayo dada akiyasema yanageuka kuwa hukumu.

Kisha yeye mwenyewe, si wewe, amwombe tajiri sehemu ya mgao wake itumwe kwa simu kabla ya kukaa kwenye hesabu. Matajiri wengi hawana ubishi na hilo, kwao ni noti chache za kubeba kisiwani. Aombe mapema, wakati chombo hakijatoka, maana siku ya hesabu tajiri ana watu kumi wa kusikiliza. Pesa iende kwenye laini iliyosajiliwa kwa jina lake na kitambulisho chake, laini hiyo ibaki nyumbani, na namba ya siri aijue yeye. Familia nyingi zinakosea hapa kwa kudai pesa ije kwa dada au kwa kaka. Giza la kwanza anakubali. La pili anaanza kujiona mtoto anayepewa posho. La tatu anamwambia tajiri asitume, na hakuambii.

Tuweke mfano wa namba, mzibadilishe wenyewe. Mgao ukiwa shilingi 200,000: 80,000 inatumwa kabla ya hesabu kwa ajili ya mabati. 45,000 inalipa madaftari, na ilipwe yote siku hiyo hiyo, kwa sababu deni linalobaki kambini ndilo linalomrudisha baa "kulipunguza". 30,000 ni ya kikundi, tutaeleza. 30,000 ni nauli na matumizi yake ya wiki ya mapumziko. 15,000 inayobaki ni ya ofa na michango ya misiba. Ndiyo, tumeiweka ofa kwenye bajeti kwa makusudi. Anunue mzunguko mmoja, mapema, kwa watu wa chombo chake tu, akiwa na pesa hiyo peke yake mfukoni, kisha aage. Akifuta ofa kabisa giza la kwanza, ataadhibiwa na wenzake, na giza la pili atatoa mara mbili ili kujisafisha.

Ile 80,000 isikae kwenye simu kwa muda mrefu, kwa kuwa pesa ya kwenye simu inaitika akipigiwa na rafiki mwenye shida. Maduka mengi ya vifaa vya ujenzi hapa mjini yanakubali mteja alipie kidogo kidogo mpaka bei itimie. Chagueni duka lenye jina na mlizoee. Risiti iandikwe jina lake, idadi ya mabati, geji, na bei iliyokubaliwa siku hiyo. Bila bei kuandikwa, miezi minne baadaye mtaambiwa imepanda. Afadhali zaidi kila malipo yachukuliwe kama mabati kamili, hata yawe matatu, yakawekwe kwa mama. Majirani watayaona, na yeye atakuwa na kitu cha kusema kambini chenye heshima kuliko ofa: "Naezeka kwa mama." Hapo ndipo sababu inayokubalika inapopatikana. Mwambie asiseme kule "nimeamua kuweka akiba" wala "dada kanikataza". La kwanza linasikika kama uchoyo, la pili linamfanya mtoto.

Sasa kikundi. Bila shaka umewahi kumshauri ajiunge na kikoba hapo mtaani, na ikashindikana. Kikoba cha mtaani kinakutana kila wiki, mvuvi anapata pesa kwa mwezi wa angani. Wiki tatu hana hisa, anapigwa faini, anaona haya, anaacha, watu wanasema hana nidhamu. Hata kikundi cha kila tarehe 30 kitamshinda, kwa sababu kutoka mbalamwezi moja hadi nyingine ni siku 29 na nusu; kwa mwaka mmoja siku ya hesabu inarudi nyuma karibu siku 11 kwenye kalenda. Kinachofaa ni mchezo, yaani kuchangiana na kupokea kwa zamu, wa watu watano hadi wanane wa kambi hiyo hiyo, mchango unatolewa siku ya hesabu au kesho yake, kiwango ni kile ambacho hata giza bovu kinawezekana, na aliye zamu anapokea akiwa upande wa nchi kavu, siyo kisiwani. Wakiuchanganya na wavuvi wa chombo kingine ni vizuri zaidi, maana chombo kimoja kikipata hasara au kikiibiwa injini, wote hawaanguki pamoja. Na mtu anayedaiwa mchezo haitwi mchoyo. Anaitwa mwaminifu, kwa sababu akikwama anayeumia ni mwenzake wa zamu.

Huo mchezo unaanza na yule mtu mmoja. Ukipata jina la mwenzake anayejenga au kusomesha, mshauri mdogo wako amfuate kabla ya kuvuka, wakubaliane mambo mawili tu: wataondoka baa pamoja, na boti ya kuvukia watapanda ile ile. Wakishakuwa wawili wanaonyanyuka kwa wakati mmoja, kelele za "Bosi kaa" zinapungua nguvu. Kama mwenzake huyo amemzidi umri, vizuri sana. Jina la Bosi nalo lisipigwe vita. Mtu akipewa jina na watu wake hulilinda. Mwacheni awe Bosi wa mabati.

Msitarajie giza la kwanza liende sawa. Kipimo chenu kiwe magiza matatu: je, pesa imetumwa kabla ya hesabu, je, madaftari yamelipwa, je, ameondoka kisiwani ndani ya siku moja baada ya kulipwa? Hayo matatu yakitimia na bado alikunywa, kazi inasonga. Yasipotimia, angalieni ni lipi lilikwama, mrekebishe hilo tu, bila kuanza upya na hotuba.

Kuhusu kikao cha ukoo, tunakuomba ukizuie. Tunaheshimu wazee na vikao, lakini hiki kitamdhuru. Kaka yako ameshatamka "damu ya baba mdogo". Neno hilo likisemwa mbele ya wazee, kijana atatoka na jina la pili la kubeba, na hili halina njia ya kutokea. Kila akiteleza atasikia kwamba ilikuwa imeandikwa. Ulevi kurithika kwa kiasi fulani ni kweli, ila kinachorithiwa ni wepesi wa kunaswa, na mpangilio mzuri wa mahali unaweza kumsaidia hata mwenye wepesi huo. Tena mtu aliyeaibishwa kwao hupata sababu ya kutorudi. Atabaki kisiwani mbalamwezi ijayo, na mtapoteza ile wiki moja mliyonayo. Kama kaka anataka wazee washiriki, mjomba mmoja anayeheshimika aje siku mabati ya kwanza yanapofika, ampe mkono.

Wazo la mumeo la bodaboda si baya, ni la haraka tu. Kuhama mahali kunasaidia, tumeona. Ila kijiwe cha bodaboda nacho kina pesa ya taslimu ya kila siku, kina hesabu ya mwenye pikipiki, na kina wenzake wa kumfunza tabia. Kabla hajahama, mumeo akae kwenye kijiwe chenyewe jioni mbili tatu aone pesa yao inakwenda wapi. Wakiwa ni watu wa kuweka na kusaidiana, ampeleke. Wakiwa ni watu wa kamari za simu, abaki na dagaa.

Mama usimbishie. Anatafuta maelezo ya mwanawe kubadilika, na anachokiona ni cha kweli, kijana anabadilika kweli akivuka maji. Mpe kazi: yeye ndiye atunze risiti za mabati, na kila kijana anapoondoka amtajie ni mangapi yamebaki. Kwa mganga msikimbilie kabla magiza matatu hayajaisha, maana pesa itakayotumika huko ni ya paa hilo hilo.

Mwisho kuna jambo la kuangalia kwa makini akirudi safari hii. Ndani ya siku mbili tatu bila pombe, je, mikono inamtetemeka, anatoka jasho jingi, halali, moyo unamwenda mbio, anaona au kusikia visivyokuwepo, au anapata degedege? Uliyotueleza hayaonyeshi hivyo, lakini ukiona dalili hizo, mwili umeshaizoea pombe, na kuikata ghafla bila uangalizi kunaweza kuua. Hapo mipango ya mabati isubiri, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, Sekou Toure au Bugando, na mwelezeni daktari wazi ni kiasi gani alikuwa anakunywa na mara ya mwisho ilikuwa lini.